Kangaga si Kofia

Bibi mmoja aliingia kliniki akiwa ameongozana na mjukuu wake wa miaka tisa, mtoto mwenye ualbino tunayemfahamu tangu ananyonya. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Leo nimekuja na raha." Akatoa kwenye kikapu chupa nyeupe ambayo shangazi wa mtoto alikuwa ameileta kutoka Ulaya. Kaambiwa ni vidonge vinavyozuia jua kutokea ndani ya mwili, unameza asubuhi basi. "Sasa huyu si atacheza mpira na wenzake bila lile likofia wanalomcheka nalo?" Nikaigeuza chupa: kiziduo cha Polypodium leucotomos, miligramu 240. Nikamgeuza na mtoto. Wiki mbili alizokaa bila kofia zilikuwa zimeandikwa shingoni kwa wekundu, na ncha za masikio zilikuwa zimeanza kutoa magamba makavu. Wiki mbili tu.

Nimeulizwa juu ya vidonge hivi mara nyingi kiasi cha kunifanya niandike makala hii. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asinitafute katikati ya mistari: vidonge hivyo si uongo. Vimetoka kwenye kangaga la kweli, lenye historia ndefu ya tiba na kazi ya maabara ya kuheshimika. Lakini nguvu yake ni ndogo, na nafasi yake ni ya mwisho kwenye foleni, nyuma ya kofia, mikono mirefu, kivuli na losheni. Anayemuuzia mzazi wa mtoto mwenye ualbino vidonge hivi kama mbadala wa hivyo vinne anamuuzia saratani kwa mkopo.

Tuuangalie mmea kwanza. Makangaga tunayajua: majani ya kuchanika kama unyoya, hayatoi ua wala mbegu, hupenda unyevu na kivuli, na Pemba wana hata kijiji kinachoitwa Kangagani. Kangaga la chupa ya bibi, hata hivyo, si la kwetu. Wataalamu wa mimea siku hizi huliita Phlebodium aureum, na jina Polypodium leucotomos limebaki zaidi kwenye lebo za dawa. Kwao ni nchi za joto za Amerika, kuanzia Florida, kupitia visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, hadi kaskazini mwa Argentina. Haliketi ardhini kama yale ya mtoni. Hupanda juu ya miti, mara nyingi minazi na michikichi ya kule, likijishikiza kwenye gome bila kumnyonya mwenyeji wake. Shina lake hutambaa, nene kama kidole, limevikwa magamba ya rangi ya dhahabu, na ndiyo maana ya hilo neno aureum. Watu wa Honduras na Guatemala huliita calaguala. Wamelichemsha vizazi na vizazi kwa magonjwa ya ngozi, vidonda, figo, kikohozi na maumivu ya viungo.

Hilo jina calaguala lina mkasa wake, na kwa mfamasia ni mkasa mtamu. Mwaka 1805 mjini Madrid, mtaalamu wa mimea Hipólito Ruiz, aliyekuwa amezunguka Peru akikusanya mimea kwa niaba ya mfalme wa Hispania, alichapisha andiko zima kuhusu calaguala "halali". Kisa ni kwamba meli zilikuwa zikishusha bandarini mizizi ya aina tatu tofauti, yote ikiuzwa kwa jina hilo hilo moja. Calaguala ya Peru ni kangaga jingine kabisa, si la Honduras. Zaidi ya miaka mia mbili imepita, na leo mtu anaweza kuagiza mtandaoni pakiti ya "calaguala" akaletewa unga ambao hakuna anayejua ni wa mmea upi. Tena kiziduo kilichotumika kwenye majaribio mengi hutoka kwenye majani, kimekamuliwa na kukaushwa kwa kipimo kile kile kila mara. Chai ya shina lililokatwa porini ni kitu kingine, hata kama mmea ni ule ule.

Maabara zilianza kulifuatilia kangaga hili kwa sababu isiyohusiana na jua. Mwaka 1967 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliotoa humo kitu walichokiita calagualine, wakitumaini kingepambana na uvimbe wa saratani. Matumaini hayo hayakuzaa dawa ya saratani, ingawa hadi leo wapo wanaouza chai yake kwa kutaja utafiti huo huo. Mwaka 1974 daktari wa ngozi wa Honduras, Padilla, na wenzake walieleza matumizi yake kwa wagonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuota magamba meupe viwikoni na magotini. Hispania wakaligeuza dawa ya vidonge kwa soriasisi na ukurutu. Hadithi ya jua ilikuja baadaye, miaka ya 1990, pale Salvador González na Madhu Pathak walipoonyesha kwamba kiziduo hicho kinapunguza madhara ya miale kwenye ngozi. Kuanzia hapo kangaga likahama kutoka kabati la wagonjwa hadi rafu ya vipodozi, na bei ikahama nalo.

Sasa kinachofanyika ndani ya ngozi. Miale ya jua tusiyoiona, ile ya urujuanimno, hutufikia kwa makundi mawili, UVB na UVA. UVB hupiga moja kwa moja kwenye DNA ya seli na kugandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani, kiasi kwamba seli inapojinakili husoma vibaya. UVA huzama zaidi na kuchochea ndani ya seli aina korofi za oksijeni, zinazounguza mafuta, protini na hiyo hiyo DNA. Ngozi yenye melanini ya kutosha hutandaza chembe za rangi juu ya kiini cha kila seli, mfano wa mwavuli. Mtu mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao uliotoboka. Kangaga lina asidi kama kafeiki, feruliki na klorojeniki, jamii ya vitu vilivyomo pia kwenye kahawa inayolimwa huku Kilimanjaro (nasema hivyo ili msomaji aone kwamba si vitu vya ajabu, si kwa kumshauri ajipake kahawa). Asidi hizo hufyonzwa tumboni, huzima sehemu ya ile oksijeni korofi, hupoza uvimbe unaofuata, na huwanusuru askari wa kinga walioko kwenye ngozi, seli za Langerhans, ambao jua kali huwafukuza.

Yote hayo ni kweli, na yote hutokea baada ya miale kuingia. Hapo ndipo tangazo la "kinga ya jua ya kumeza" linapompotosha mtu. Kofia na losheni ni paa. Kangaga ni ndoo unayoiweka sebuleni kukinga maji yaliyokwisha vuja. Ndoo ina kazi yake, na nyumba yenye paa zuri na ndoo ni bora kuliko yenye paa tu. Lakini sijamwona mtu aliyeezua paa kwa sababu amenunua ndoo.

Wanaotetea vidonge huniambia, "Lakini yapo majaribio kwa binadamu." Yapo, na nimeyasoma. Lile linalotajwa zaidi, la Boston mwaka 2004, lilikuwa na watu 9. Tisa. Walikuwa watu wazima wenye afya, ngozi nyeupe, wakapewa miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito kisha kipande cha ngozi yao kikaangaziwa taa. Wekundu ulipungua, na chini ya hadubini seli zilizoungua zilikuwa chache zaidi. Jaribio la Florida la mwaka 2015 lilichukua watu 40 kwa siku 60, miligramu 240 mara mbili kwa siku, na halikuona madhara makubwa. Hiyo ni habari njema, na ndiyo inayonifanya nisimkataze mtu mzima kuvimeza. Lakini siku 60 za mtu anayefanya kazi ofisini si sawa na miaka 30 ya mkulima mwenye ualbino anayepalilia mahindi, na dozi ya mtu mzima si ya mtoto wa miaka tisa.

Hebu tufanye hesabu, maana maneno matupu hayamsaidii bibi. Losheni yenye kipimo cha kinga ya jua (SPF) cha 30 ikipakwa sawasawa huacha kupita takriban sehemu 3 kati ya 100 za miale inayounguza ngozi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walipima kinga ya tabaka la juu la ngozi yenyewe, bila kitu chochote kupakwa, wakapata wastani wa SPF 13.4 kwa watu weusi na 3.4 kwa weupe. Mtoto mweusi asiyepaka chochote, basi, huruhusu sehemu 7 au 8 kati ya 100. Makadirio ya kawaida ya nguvu ya kidonge cha kangaga, kwa kipimo cha wekundu, hayazidi SPF 3. Hata tukikiachia hiyo 3 yote, sehemu 33 kati ya 100 zinabaki. Maana yake kidonge alichomeza mjukuu wa bibi, akiwa ametupa kofia, hupitisha zaidi ya mara nne ya kile kinachopitishwa na ngozi tupu ya rafiki yake mweusi anayecheza naye chandimu bila kumeza lolote. Na uwanja huo uko karibu na mstari wa Ikweta, kwenye mwinuko, ambako kila mita 1,000 unazopanda miale huongezeka kwa karibu asilimia 10. Baridi ya mlimani humdanganya mtu kwamba jua limepoa.

Kuna mahali ambapo kangaga hili linajitetea vizuri zaidi. Watu ambao ngozi yao huota vipele vya kuwasha kila wanapoguswa na jua, yaani wenye mzio wa mwanga, wapo wanaopata nafuu, na madaktari wa ngozi huwaandikia bila aibu. Kwenye mbalanga, ile hali ya mabaka meupe ambayo hospitali huiita vitiligo, jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2007 liliwachukua wagonjwa 50 waliokuwa wakitibiwa kwa taa maalumu ya UVB. Waliomeza kangaga walirudisha rangi kichwani na shingoni kwa asilimia 44, na waliomeza vidonge vitupu kwa asilimia 27. Inapendeza, ila kwa vipimo vya takwimu tofauti hiyo haikuvuka kizingiti cha kusema kwa uhakika kwamba si bahati. Na angalia: wote walikuwa wanapata taa. Anayemeza kangaga peke yake akisubiri mbalanga ifutike hafuati jaribio hilo, anafuata tangazo.

Kwa madoa meusi ya mashavuni, yale yanayowasumbua akina mama hasa baada ya ujauzito, habari zinagongana. Mwaka 2013 wanawake 40 wenye asili ya Amerika ya Kilatini walifuatiliwa kwa wiki 12, wote wakipaka losheni ya jua, nusu wakiongezewa kangaga na nusu vidonge vitupu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kangaga halikuonyesha tofauti ya maana. Miaka mitano baadaye, Singapore, jaribio jingine dogo lilipata faida kidogo. Mimi hulisoma lile la kwanza kwa namna moja: losheni ndiyo iliyofanya kazi. Wanawake wanaotumia fedha kwenye vidonge vya nje huku wakienda sokoni saa saba mchana bila mwavuli, na jioni wakijipaka mkorogo, nawaomba waanze na mwavuli.

Sasa nijibu hoja tatu ninazozisikia kila mara. Ya kwanza husema kwamba huu ni mmea tu, hauwezi kudhuru. Kangaga hili la Amerika kweli ni pole. Wachache huvurugika tumbo au kuwashwa. Lakini "mmea tu" si hoja, na ukoo wa makangaga ndio unaoikanusha vizuri kuliko ukoo mwingine wowote. Mwaka 1775 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alilipa livre 18,000 kwa Madame Nouffer, mjane wa daktari mpasuaji wa Uswisi, ili afichue siri ya dawa yake ya tegu. Siri ilikuwa unga wa mzizi wa kangaga dume, Dryopteris filix-mas, ukifuatiwa na haluli kali. Dawa ilifanya kazi kweli, ikaingia kwenye vitabu vya famasia vya Ulaya, na njiani ikawapofusha baadhi ya walioimeza, maana kati ya kuua tegu na kuua mshipa wa jicho palikuwa na kipimo chembamba. Tuliiacha tulipopata praziquantel na niclosamide, wala simjui mfamasia anayeililia.

Ya pili inafanana na ya kwanza lakini inaniogopesha zaidi: "Basi makangaga si tunayo, tuchume ya kwetu." Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Usambara, hasa palipoungua moto, kuna kangaga linalotambaa kwa fujo na kumaliza malisho, Pteridium. Lina sumu iitwayo ptakwilosaidi. Ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hukojoa damu na kuota uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Kuchuma kangaga hilo na kulichemsha ili ujikinge na saratani ya ngozi ni mzaha ambao sitaki kuusikia kliniki kwangu. Yapo mengine ya kwetu yasiyo na sifa hiyo mbaya, kwenye mikoko na kwenye misitu ya mawe ya Unguja, na waganga wetu wanayo maarifa juu yake yanayostahili kupimwa. Yapimwe, kisha tuyazungumze kwa majina yao wenyewe. Sifa za jirani hazirithiwi kwa kufanana majani.

Hoja ya tatu inatoka upande wa pili, kwa wenzangu wa hospitali: kwamba haya yote ni utapeli wa kibiashara, tuyafukuze. Siungi mkono. Mei 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya waziwazi wauzaji wa vidonge vinavyodai kuchukua nafasi ya losheni ya jua, na mkuu wake wa wakati huo, Scott Gottlieb, akasema hakuna kidonge kinachofanya hivyo. Onyo lilikuwa sahihi, na lilielekezwa kwenye madai. Mtu akiuza ndoo kwa jina la ndoo, hana kosa.

Nini kifanyike? Jambo la kwanza liko mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ya Tanzania na wenzao wa nchi jirani: bidhaa yoyote ya kangaga inayoingia ibebe jina kamili la kisayansi, sehemu ya mmea iliyotumika, na sentensi moja ya Kiswahili inayosomeka bila miwani, "Haichukui nafasi ya kofia na losheni." Sentensi hiyo ingemwokoa mjukuu wa bibi wiki mbili.

Jambo la pili ni fedha, na hapa nasema kwa uchungu kidogo. Familia nyingi zinakimbilia kidonge cha nje kwa sababu losheni ya ndani haionekani dukani, na ikionekana haishikiki kwa bei. Wakati huohuo Moshi kwenyewe hutengenezwa losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa kupitia kliniki. Kenya, serikali imekuwa ikiwapa watu wenye ualbino losheni bila malipo kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Losheni kwa mtu mwenye ualbino si kipodozi, ni dawa ya kila siku kama vile insulini kwa mwenye kisukari, na ingefaa ikae kwenye orodha za Bohari ya Dawa na za bima kwa hadhi hiyo, zahanati ya kata isiikose. Na shule: mtoto akae mbali na dirisha lenye jua, kipindi cha michezo kisogezwe asubuhi au jioni, na mwalimu mkuu aagize kofia pana ziwe sare ya darasa zima. Darasa lote likivaa kofia, nani atamcheka nani? Hilo halihitaji mfadhili.

Jambo la tatu ni utafiti, na hapa kangaga linastahili nafasi yake. Walioangaziwa taa Boston walikuwa na ngozi nyeupe, lakini ngozi nyeupe yenye melanini kidogo si sawa na ngozi isiyo na melanini kabisa. Swali la kama kidonge, kikiongezwa juu ya kofia na losheni, kinapunguza yale magamba yanayotangulia saratani kwa mtu mwenye ualbino, ni swali halali, na linafaa kujibiwa hapa kuliko Boston. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwapokea wagonjwa hawa tangu mwaka 1992. Jaribio la miaka miwili au mitatu, makundi mawili, wote wakiwa wamevalia kofia na kupaka losheni, lingetupa jibu ambalo chupa ya bibi haina. Na likifanyika, wale wanakijiji wa Honduras waliolichemsha kangaga hili kabla ya sisi sote watajwe kwenye faida, si kwenye dibaji tu. Tunayo mimea yetu, na siku yake itafika.

Bibi sikumnyang'anya chupa. Nilimwambia aiweke kabatini mpaka mtoto akue, au ampelekee mtu mzima mwenye kuhitaji. Nikampa losheni, nikamwonyesha mjukuu namna ya kupaka nyuma ya masikio, mahali ambapo watoto wote husahau, na yale magamba ya masikioni tukayagandisha kwa naitrojeni ya maji wiki iliyofuata. Kofia aliondoka nayo kichwani, kwa kununa. Wewe mzazi unayesoma hapa, kama nawe umeletewa chupa kama ile, usiitupe wala usione haya. Njoo nayo kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe, uje na mtoto, tukague ngozi yake kuanzia utosini hadi unyayoni, na turudie kila miezi sita. Asubuhi ya kuja, mvalishe kofia.